Chuma Hakina Masikio

Majengo, Meru
9 Februari 2025

Kendi, mwana wa mama,

Muga, nakusalimia. Mimi mzima, mama Koome mzima, mashine yangu ya kuchomelea nayo ni nzima isipokuwa stima ikipotea. Nimesikia wewe pia u mzima. Lakini nimesikia kwa watu, na hilo ndilo linaniuma kuliko jino.

Hebu niambie. Tangu lini mimi, Kaimenyi fundi, mtu aliyechomelea mageti Juba mpaka Dubai, mtu anayesalimiwa na imamu na padre kwenye barabara moja, nikauliza dada yangu anaishi wapi nikaambiwa "hatutoi habari hiyo"? Nilienda Embu Alhamisi. Nilivaa koti. Nikapanda ngazi za hiyo ofisi ya kikundi chenu cha wanawake wenye ulemavu, nikamkuta huyo Lorna wenu, na akaniambia kwa upole, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, kwamba nyumba mnamohifadhiwa haijulikani na mtu yeyote wa nje.

Wa nje! Mimi!

Nikamwuliza, wewe Lorna, ndiwe uliyemwongoza Kendi kwa fimbo akiwa mdogo? Ile fimbo yenye kifundo, mimi nimeshika mbele, yeye ameshika kifundo nyuma, tunakata soko la Muthara na watu wanatupisha kama msafara wa gavana? Akatabasamu. Akasema simu haziingii huko kwa usalama wenu, kwa hivyo niandike barua na ataifikisha. Barua! Mimi niliyetoroka shule darasa la saba kwa sababu ya kuandika barua!

Basi naandika. Na kwa kuwa macho yako hayaoni karatasi, najua ni huyo huyo Lorna atakusomea. Lorna, soma hapa kwa sauti na usiruke: Kaimenyi anasema sauti yako ni nyembamba kama uji wa hospitali, na dada yake amezoea watu wenye kifua. Umesoma? Asante.

Kendi, usisahau mtu wako. Nani alikuja Kianjokoma kukutoa kwa huyo Njuki, mume wa jina? Nani alikupeleka kwenye dawati la jinsia pale kituoni? Nilisimama, nikasema yote, mpaka askari akaweka kalamu chini na kuniambia, "Mzee, unajua kusimulia." Taarifa ile ilikuwa tamu. Wewe hukusumbuka hata kufungua mdomo.

Sasa nasikia Lorna ndiye anajua unakula nini na unalala wapi. Sawa. Mimi sina wivu. Nauliza tu.

Ndugu yako wa damu, si wa ofisi,
Kaimenyi


Embu
17 Februari 2025

Kaimenyi wetu,

Lorna amesoma yote, hata ya uji. Alisoma kwa sauti nene kukuonyesha kwamba anayo. Tulicheka mpaka mwenzetu Igoki akaja na kiti chake cha magurudumu kuuliza kuna nini, ikabidi barua isomwe upya. Sasa kila jioni wanataka isomwe, kama taarifa ya habari. Umekuwa mtu mkubwa katika nyumba usiyoijua.

Nakula vizuri. Wanapika nyenye ya mahindi na maharagwe, lakini mahindi yao hayaivi kama ya mama. Usimwambie Lorna. Haya, ameshaandika.

Unajua utamu wa nyumba hii ni nini? Kiti kikiwa mahali, kiko mahali. Na mtu akiingia chumbani anataja jina lake kwanza. "Ni Igoki." "Ni Lorna." Hata anayefagia anasema. Wewe huwezi kujua hiyo ni raha gani.

Hatukai tu. Kikundi kinapigania kile kituo ulichonipeleka. Unakumbuka dawati lilikuwa pale ukumbini, waliokuja kuripoti mbuzi aliyepotea wote wanasikiliza. Igoki alipokwenda, mtaro ulio mbele ya geti ulimshinda, wakambeba juu juu kama gunia la kabeji. Na kuna msichana asiyesikia aliyetafsiriwa na shangazi yake, na shangazi ndiye mama wa mtu ambaye msichana alikuwa anamshtaki. Fikiria alichotafsiri. Tumelia na mkubwa wa kituo mpaka ametupa chumba chenye mlango, na afisa mwanamke wa kutusikiliza. Njia ndiyo bado. Mtaro uko pale pale na kile kibao chake kinachocheza.

Sasa sikia. Wameniita tarehe ishirini Machi niandikishe taarifa upya, kabla kesi ya Njuki haijasikizwa. Nakuomba siku hiyo usije. Chumba ni kidogo.

Msalimie mama Koome.

Kendi

Nimeandika kama alivyosema. Na uji wa hospitali, bwana, ndio huponya watu. – Lorna


Majengo, Meru
25 Februari 2025

Kendi,

Chumba ni kidogo? Kendi, mimi Dubai nimelala na watu tumepangwa kama samaki wa kopo, na kila mmoja wetu alikoroma kwa lugha yake. Chumba kidogo hakinishindi. Sema kingine.

Taarifa upya kwa nini? Ile yangu imeoza? Nilisema alikusukuma ukaanguka kwenye meko, ukaungua mkono. Si ni kweli? Mkono si huo? Sasa watu watasema Kaimenyi alidanganya kituoni. Na najua hilo wazo limetoka wapi. Limetoka kwa mtu mwenye sauti nyembamba, anayetaka dada yangu aseme maneno ya ofisi. Lorna, hapa pia usiruke.

Nilipofika hapo pa nyumba yote kusomewa barua yangu nilifurahi kidogo, sikatai. Halafu nikafikiria: Igoki nisiyemjua anakaa na dada yangu kila jioni, na mimi nakaa na mageti. Mama Koome akaniuliza mbona sili. Nikamwambia ni joto.

Sasa ngoja nikuambie nani anajua thamani yangu. Njuki alikuja hapa karakana. Ndiyo, Njuki, na mjomba wake, na kreti ya soda. Nilitaka kumpiga na nyundo, lakini aliinama akanisalimu kwa mikono miwili. Akaniita mzee wa boma. Akasema, "Shemeji, hawa watu wa ofisi wanavunja nyumba za watu. Mwenye neno kwa Kendi ni wewe, si wao." Kendi, sijasikia mtu akisema hivyo tangu uingie huko Januari. Maneno yaliingia kama chai ya maziwa.

Akauliza, "Kwani yuko wapi siku hizi?" Nikaona aibu kusema sijui. Nikamwambia, "Yuko mahali. Mimi najua." Akasema ni vizuri wazee wa pande mbili wakae, waongee, mambo ya kituo yaishe, urudi kwako. Sikukubali. Sikukataa pia. Nilikunywa soda.

Kwa hivyo sikiliza. Tarehe ishirini nitakuja. Nitaingia hicho chumba hata kama ni cha kuku, nikae katikati yako na Lorna. Na ukitaka kunijibu, nijibu wewe mwenyewe. Nimechoka kuongea na dada yangu kupitia mdomo wa mtu.

Kaimenyi


Embu
1 Machi 2025

Bwana Kaimenyi,

Nimemsomea Kendi barua yako bila kuruka. Nilipofika kwa Njuki na soda aliniambia nisimame. Kisha akaomba kibao chake cha nukta nundu na ile sindano ya kudungia aliyotoka nayo shule ya wasioona, akafunga mlango.

Karatasi ngumu iliyo kwenye bahasha hii ni kazi ya mkono wake. Sijui ameandika nini. Mimi nukta sizijui, kwa vidole wala kwa macho, na hata kama ningezijua nisingesoma. Pale Meru, nyuma ya soko, yuko Mwalimu Mugendi, mzee asiyeona, aliyefundisha miaka mingi. Atakusomea. Usiikunje karatasi wala usiiwekee chuma juu, nukta hulala.

Na hata kama hunipendi, nakuomba moja. Njuki akirudi, usimwambie lolote. Hata lile usilolijua.

Lorna


1 Machi 2025

Kaimenyi wetu,

Ulitaka nikujibu mwenyewe. Hizi ni nukta zangu. Kumbuka ulivyoninunia nilipopelekwa shule ya bweni na wewe ukabaki, ukasema macho yangu mabovu yamenipa bahati. Leo hiyo shule imetufaa wote wawili.

Wewe unayemsomea kaka yangu, samahani na asante. Umwambie pia akae chini, najua amesimama.

Sasa unajua barua inakuwaje ikipita kinywani mwa mtu. Kwa hivyo kuna mambo sitayadunga hapa.

Siku ile kituoni uliniwekea mkono begani. Askari akaniuliza, "Alikufanya nini?" Ukajibu wewe. Ulisema nilisukumwa, nikaanguka kwenye meko. Ni kweli nilianguka. Lakini ni nini kilikuwa kinatokea mpaka nikaanguka, hukukijua, na mimi ningesemaje na mkono wako uko begani? Tumelelewa Muthara, Kaimenyi. Dada hatamki mambo ya kitandani mbele ya kaka yake, na kaka hakai akayasikia. Hiyo nthoni, aibu ya heshima, tulinyweshwa pamoja na uji. Mama akianza kuniambia mambo ya wanawake, wewe ulikuwa unatoka mbio, unasema unaenda kuangalia mbuzi. Hata mwaka ule hatukuwa na mbuzi.

Siku ile kituoni nilitamani uende kuangalia mbuzi.

La Njuki nitakuambia moja, lile linaloweza kusemwa mbele ya kaka. Alikuwa ananyamaza. Anaingia nyumbani miguu mitupu, anasimama kwenye kona. Naimba, naoga, nalia, sijui kama niko peke yangu. Halafu nasikia pumzi shingoni. Akichoka na hilo anahamisha viti na ndoo, ananitazama nikianguka. Ndiyo maana nilikuambia hapa watu wanataja majina. Yaliyofuata baada ya pumzi ni ya tarehe ishirini, na ya yule afisa mwanamke, na ya mlango uliofungwa.

Umeniandikia kwamba alikuja kwako na soda. Kaka yangu, hata huko alikuwa amesimama kwenye kona, ananisikiliza kwa masikio yako.

Nilikudanganya. Chumba si kidogo. Lakini ukiingia wewe, mimi sitapata pa kukaa. Taarifa yako haikuwa uongo. Ilikuwa ya kaka. Mahakama inataka ya mke. Naogopa ukija nitanyamaza tena kwa sababu ya kukupenda, na Njuki atarudi Kianjokoma akipiga mluzi.

Wewe ndiye wangu. Hakuna anayechukua mahali pako. Ila siku hiyo moja, usiwe hapo.

Kendi


Majengo, Meru
10 Machi 2025

Kendi, mwana wa mama,

Nilimpata Mwalimu Mugendi. Nilimpelekea sukari na majani, nikamweleza kwamba mimi ni mtu wa Dubai na nina barua ya siri. Akasema, "Siri ya watu watatu, lakini lete." Vidole vyake vinatembea kama kuku akidonoa. Aliposoma kwamba nikae chini, nilikuwa nimesimama kweli. Nikakaa kwenye debe.

Akafika kwa mbuzi. Akasita. Akaniuliza, "Niendelee?" Nikasema endelea. Akaendelea kwa sauti ile ile, nzuri, ya pole pole, na mimi nilikuwa naangalia ukuta. Kendi, ni mzee mwenye heshima, hakuniuliza lolote. Lakini alipofika kwa pumzi na shingo nilitamani atoke akaangalie mbuzi. Nilitamani aniachie karatasi na vidole vyake, yeye abaki nyuma ya mlango. Basi nikajua. Wewe umeishi hivyo maisha yako yote, na mimi ndiye nilikuwa mzee Mugendi, tena mimi sikuuliza niendelee.

Sitaandika mengi hapo. Wino wa fundi hukauka haraka.

Njuki amerudi Jumamosi. Safari hii alibeba nyama. Akauliza tena, "Dada yuko wapi?" Nikamwambia, "Sijui." Neno hilo sijawahi kulitoa mdomoni tangu nizaliwe, lilitoka na jasho. Akacheka. "Hata wewe wamekunyima? Kaka mzima? Wamekufanya mtu wa nje?" Alidunga pale pale pa wivu, utafikiri amesoma barua zangu. Wiki mbili nyuma ningepasuka, nimwonyeshe kwamba najua kila kitu. Bahati yetu ni kwamba sikuwa najua kitu. Lorna, soma hapa pole pole: ulifanya vizuri kunificha. Mimi mdomo wangu ni geti lisilo na komeo. Sauti yako bado ni uji, lakini sasa nasema ni uji wenye maziwa.

Nikawasha mashine nikiwa nimemwelekea. Cheche zikamtoa nje, yeye na mjomba wake. Nikawapigia kelele kwamba wazee wa kukaa nao watawakuta mahakamani, wamevaa koti jeusi. Nyama walisahau. Paka wa Majengo wamefanya sherehe.

Usidhani nimepona. Nina wivu, nakuambia ukweli, wivu kama wa jogoo. Namwonea wivu huyo afisa atakayesikia yako. Naonea wivu meza atakayoandikia. Hata mlango, Kendi, nimekaa hapa nikionea wivu mlango.

Lakini mlango ni kitu ninachokijua. Na mtaro ninaujua. Kwa hivyo Lorna aniombee ruhusa kwa mkubwa wa kituo, na mtu anipimie kutoka geti mpaka kwenye hicho chumba, na upana wa mtaro, na upana wa kiti cha Igoki. Nitaweka daraja la bati zito, lenye mikwaruzo gurudumu lisiteleze mvua ikinyesha. Na nitaweka reli ya bomba, niipige msasa mpaka iwe laini kama mgongo wa ndama, kutoka getini mpaka mlangoni. Wa kiti watapita, wa fimbo watapita, wewe utashika bomba kama ulivyokuwa ukishika fimbo yangu. Likufikishe mlangoni, liishie hapo.

Chuma hakina masikio. Na hakitajibu badala yako.

Malipo msinitajie, nitakasirika.

Kaimenyi


Embu
23 Machi 2025

Kaimenyi wetu,

Lorna anaandika, na anasema leo ameandika kwa sauti nene.

Tarehe ishirini nilishuka pale getini. Lorna akasema, "Bomba liko mkono wa kulia," akabaki nyuma. Nikashika. Lilikuwa na joto la jua. Nilikwenda peke yangu, hakuna aliyenivuta mkono, hakuna aliyeniambia "taratibu mama". Kwenye mtaro bati lilinguruma chini ya miguu nikajua niko wapi. Igoki alinipita na kiti chake akipiga vigelegele, akarudi, akapita tena, mpaka askari akamwambia hapa si uwanja wa maonyesho. Akamjibu, "Mlinibeba kama kabeji, leo mtanivumilia." Yule msichana asiyesikia amepangiwa wiki ijayo, na mtafsiri asiye wa ukoo wake.

Nilisema yote. Afisa aliandika, akanisomea, mahali alipokosea nikamwambia futa, akafuta. Nikaweka kidole gumba. Mwendesha mashtaka amesema mashtaka yatabadilishwa na kuwa mazito zaidi, na Njuki ameonywa asikanyage tena karakana yako. Kesi itasikizwa Mei. Siku hiyo pia hutaingia nikiwa natoa ushahidi, jitayarishe kununa mapema.

Ulidhani sikujua kwamba uko hoteli ya ng'ambo ya barabara? Kituo kizima kilisikia habari za Dubai. Nilikuwa bado mlangoni nikikusikia ukimwambia mtu kwamba bomba kama lile haliko hata ikulu. Kisha mlango ukafungwa, nikaacha kukusikia. Nikakaa. Nikaanza.

Huku kila mtu ananiambia nikushukuru kwa reli. Nakushukuru. Lakini kuna mahali wanadhani ni urembo tu wa fundi. Mkono wangu ulipofika mwisho wa bomba, karibu na kitasa, ulikuta kifundo. Umekichomelea mwenyewe, ukubwa ule ule wa kile cha fimbo yetu, hata kile kibonyeo cha dole gumba. Nikasimama hapo kidogo na mkono juu yake, nikasikia Muthara yote.

Nikajua hapo ndipo ulipoachia. Nikaachia na mimi, nikabisha hodi.

Kendi